MOSHI WA JIKONI NA PUMZI YA WAZAZI WETU



Kurasa hizi zimezoea kuwaletea habari za kwaya, za mupira na za mitihani. Mara hii tunaomba nafasi kwa neno lingine. Kuko ugonjwa moja wenye kuingia polepole sana katika nyumba zetu, mpaka watu wanauzoea kama vile wanazoea baridi ya Alimbongo. Ni ugonjwa wa mapafu wenye kuziba njia za pumzi. Wanganga wanauita kwa Kifaransa BPCO. Wazee wetu wanasema tu "kifua", ao "asima", ao "uzee". Wengine wanasema neno baya kupita hayo: sumu ya jirani, bulozi.

Tunaandika kwa sababu likizo inakaribia. Kila mumoja wetu atarudi kwao, na katika nyumba nyingi atakuta mutu mwenye kukohoa karibu na moto. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza. Lakini zile siku mbaya ambazo unaamka na kumubana mutu mpaka anakosa pumzi, mara nyingi zinaweza kuzuiwa. Na kazi ya kuzizuia inaomba macho na mikono kupita pesa. Pesa hatuna, lakini macho na mikono tuko navyo.

1. UGONJWA HUU NI NAMNA GANI?

Katika somo la bayolojia tumejifunza kwamba kifua cha mutu ni kama muti uliogeuzwa chini juu. Shina ni lile koo la pumzi. Linagawanyika kuwa matawi makubwa, kisha matawi madogo, na mwisho kabisa, pahali pa majani, kuko vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni na mamilioni. Ni ndani ya vifuko hivi damu inachukua oksijeni na kuacha hewa chafu.

Moshi ukiingia humo kila siku kwa miaka mingi, mambo mawili yanatokea. La kwanza, matawi yanavimba kwa ndani na kutoa makohozi mengi. Njia inakuwa nyembamba. La pili, vifuko vinaharibika kimoja kimoja, na kile kimeharibika hakirudi. Mutu anaweza bado kuingiza hewa, lakini kuitosha inje ndiyo shida. Hewa ya zamani inabaki imefungwa ndani, na hewa mupya inakosa nafasi. Ndiyo maana mugonjwa anasema "kifua kimejaa".

Kwanza ni kikohozi cha asubuhi na makohozi kidogo. Kisha mama mwenye kupanda kilima na muzigo wa viazi mugongoni bila kupumzika anaanza kusimama mara mbili, mara tatu. Anaacha kwenda soko la mbali. Anaacha kuimba katika kwaya ya wamama. Hasemi kitu, anapunguza tu. Watu wanasema amezeeka. Lakini tuangalie vizuri: jirani yake wa umri ule ule angali anapanda. Uzee peke yake hauzibi kifua namna hiyo.

2. UNATOKA WAPI?

Tukisikia ugonjwa wa mapafu, tunafikiri sigara. Ni kweli, tumbako ni adui mukubwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba katika inchi tajiri zaidi ya wagonjwa 7 katika 10 wanaupata juu ya tumbako. Lakini katika inchi kama yetu tumbako inabeba wagonjwa 3 ao 4 tu katika 10. Wengine wanaupata namna gani? Moshi wa kuni na wa makala ndani ya nyumba ni sababu moja kubwa. Kisha kuko vumbi na moshi wa kazini, na magonjwa makali ya kifua katika utoto.

Hii si habari ya watu wachache. Mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu karibu milioni 3,5 katika dunia, na ulikuwa sababu ya ine ya vifo vyote. Kati ya wale waliokufa mbele ya miaka 70, karibu 9 katika 10 walikuwa watu wa inchi maskini na za katikati.

Tuangalie kwa majirani. Mwaka 2012, katika wilaya ya Masindi, inchi ya Uganda, ng'ambo ya ziwa Albert, watafiti walipita vijijini na mashini ya kupima pumzi. Walipima vizuri watu 588 wenye miaka kupita 30, na majibu yalitangazwa mwaka 2015. Watu 16 katika 100 walikuwa na ugonjwa huu. Na tusome vizuri hapa: wanawake walikuwa karibu 17 katika 100, wanaume 15. Tena wengi wao walikuwa wangali vijana wa miaka 30 na kitu. Karibu watu wote wa vijiji vile wanaishi na moshi wa kuni, sawa sisi.

Sasa turudi kwetu. Mugeni akisikia kwamba tuko karibu na mustari wa ekwata, anafikiri tunakaa katika joto. Akifika Alimbongo anaomba koti! Tuko juu ya milima, kupita metre 2.000. Mvua na ukungu, mulango unafungwa, dirisha la jikoni ni dogo ao haliko, na moto unawaka tangu asubuhi mpaka usiku, kwa kupika na kwa kuota. Mama anainama juu ya chungu, mutoto mugongoni, na mukaka amekaa pembeni akiota moto. Kuta zinakuwa nyeusi kwa masizi. Tujiulize: kama ukuta wa udongo unakuwa mweusi, kifua cha mama kimekuwa namna gani?

3. TUSICHANGANYE MAGONJWA

Si kila kikohozi ni ugonjwa huu. Mutu akikohoa majuma mawili ao kupita, akikonda, akitoka jasho usiku ao akitema damu, aende kwanza kupimwa makohozi kwa ajili ya tiberkilozi (TB). Kupimwa na dawa za TB ni bure katika inchi yetu, na TB inapona. Asima nayo ni ndugu ya ugonjwa huu lakini si yeye: mara nyingi inaanza utotoni, inakuja na kwenda, na katikati mutu anapumua vizuri kabisa. Mwenye BPCO hapati siku ya kupumua vizuri kabisa. Kwa kujua hakika, wanganga wanatumia mashini wanayoiita spirometri, lakini haipatikani kila pahali. Munganga anaweza kuanza kwa maswali: unakohoa tangu wakati gani, unapika wapi, unavuta tumbako, unachoka ukipanda?

Juu ya sumu na bulozi tunasema hivi kwa heshima: familia moja inaweza kuuza mbuzi na shamba kwa kutafuta mwenye kuloga, wakati "mulozi" amekaa kati ya mafiga matatu, anatoa moshi.

4. UGONJWA UKIAMKA

Mugonjwa huyu ana siku zake za kawaida. Anajua anaweza kutembea mpaka wapi. Lakini inatokea kwamba ndani ya siku moja ao mbili mambo yanabadilika. Hapo tunasema ugonjwa umeamka. Alama ni hizi tatu:

— pumzi inakuwa fupi kupita kawaida yake;
— makohozi yanaongezeka;
— makohozi yanageuka rangi, kutoka meupe kuwa ya manjano mazito ao ya kijani.

Ni nini inauamsha? Mara nyingi ni mafua ya kawaida yaliyoletwa na mutoto mudogo ao na sisi wenyewe tukitoka internat. Mara zingine ni moshi mwingi wa siku moja, kama vile wa matanga ao wa ndoa, wakati wamama wanapika usiku kucha. Ao vumbi, ao baridi kali, ao mugonjwa ameacha dawa kwa sababu alijisikia muzuri.

Kila mara ugonjwa unaamka, mapafu yanaweza kupoteza nguvu kidogo, na nguvu ile hairudi yote. Ni sawa kilima kinachobomolewa na mvua: kila mvua inachukua udongo wake. Ndiyo sababu kuzuia siku mbaya moja ni kumuongezea mugonjwa wakati wa kuishi kati yetu.

5. NAMNA YA KUZUIA

(a) Kupunguza moshi. Hakuna dawa inayoweza kushinda moshi wa kila siku. Kama mvua haiko, moto uwe inje ao chini ya kibanda bila kuta. Kama jiko ni la ndani, tutoboe tundu ao dirisha juu, karibu na manjanja, upande wa pili wa mulango, kusudi hewa ipite. Kuni za kalitusi zipasuliwe na kuanikwa chini ya ukingo wa nyumba kwa miezi. Kuni mbichi ndizo zinatoa moshi mwingi. Tufunike chungu. Maharagi yalowe ndani ya maji usiku muzima, yanaiva mbio zaidi. Tusiwashe moto kwa saketi za plastiki. Jiko la udongo lenye bomba la kutosha moshi inje linasaidia, lakini halitoshi peke yake. Katika inchi ya Malawi walifuata watoto zaidi ya 10.000, nusu ya vijiji vilipewa majiko mazuri. Majibu ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba nimonia ya watoto haikupunguka. Kulibaki moshi mwingine: takataka zinachomwa, jirani anapika, tumbako inavutwa. Basi tupiganie moshi wote, si ule wa chungu kimoja.

(b) Mugonjwa asikae jikoni. Hapa tunasema na wavulana wenzetu bila kuficha. Kama mama ao dada ana kifua, kwa nini sisi tunaota jua inje tukingojea bugali? Kupasua kuni, kuwasha moto na kukoroga chungu hakutavunja mukono wa mwanaume. Na mukaka apewe blanketi na kiti pahali pengine pa joto, asifukuzwe katika baridi.

(c) Mbabula ya makala isilale ndani ya chumba. Makala hayatoi moshi wa kuonekana, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Inaweza kuua hata mutu muzima wa afya akiwa usingizini, na mulango umefungwa juu ya baridi.

(d) Kuacha tumbako. Mutu akiacha, hata akiwa muzee, mapafu yanaharibika polepole kupita mbele. Hakuna umri wa kusema "nimechelewa". Na sokulu mwenye kiko chake, tumuombe kwa adabu asivute ndani ya nyumba.

(e) Kuzuia mafua. Wakati wa Ebola, kutoka mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, Butembo na Beni yote ilijifunza kunawa mikono. Tusisahau tabia ile. Mwenye mafua akohoe ndani ya kiwiko, anawe na sabuni, asilale chumba kimoja na mugonjwa. Kuko pia vaksini ya gripe na vaksini ya nimonia. Tuulize kwenye hospitali kama zinapatikana kwa wakubwa.

(f) Kutembea na kula. Wengi wanamuambia mugonjwa, "Kaa tu." Kukaa siku zote kunalegeza miguu, na miguu milegevu inaomba pumzi nyingi zaidi. Atembee kila siku kidogo, pahali pa tambarare, apumzike, aendelee. Ale mara nyingi kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lililojaa sana linasukuma kifua. Maharagi, mayai, dagaa ao maziwa vinarudisha nguvu.

6. DAWA

Dawa kubwa ya ugonjwa huu ni ile ya kuvuta kwa kinywa, watu wanaiita pompi. Ile ya salbutamol inafungua matawi kwa dakika chache. Watu wengi wanaitumia vibaya: wanapuliza juu ya ulimi na dawa haifiki chini. Njia ya kusaidia ni chupa ya plastiki ya nusu lita. Waganga wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa watoto wenye asima chupa ile inafanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Inaoshwa na maji ya sabuni, inaachwa ikauke yenyewe bila kupanguswa. Tunatoboa tundu chini yake, sawasawa na kinywa cha pompi, na kuziba pembeni ili hewa isitoke. Mugonjwa anatikisa pompi, anatosha hewa kifuani, anafunga midomo juu ya kinywa cha chupa. Anafinya mara moja tu, anavuta polepole, kisha anazuia pumzi akihesabu mpaka 10 kama anaweza.

Tuonye pia. Vidonge vya antibiotiki vya sokoni, vile vya rangi mbili, si dawa ya kila kikohozi. Vinasaidia siku munganga ameona makohozi yamegeuka. Prednisoloni ao deksametazoni inaweza kuokoa mutu siku mbaya, kwa siku chache tu. Lakini wengine wanainunua kila mwezi, hata kwa kunenepa, nayo inapandisha sukari, inalegeza mifupa na kupunguza nguvu ya kupigana na magonjwa. Na kujifukiza na majani ya kalitusi hakufungui matawi yale. Wengine kunawachokoza kifua, wengine maji ya moto yanawaunguza.

7. SIKU MBAYA IKIFIKA

Usipige kelele, usijaze watu ndani ya nyumba. Fungua mulango na dirisha, zima moto. Mukalishe mugonjwa, usimulaze. Ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti ao juu ya meza. Apumue hivi: aingize hewa kwa pua akihesabu 1, 2, aitoshe kwa midomo iliyokunjwa, kama vile anapoza chai ya moto, akihesabu 1, 2, 3, 4. Fanya pamoja naye, umuangalie usoni, anatulia. Mupe pompi kama vile munganga alivyoagiza.

Usingoje asubuhi kama unaona moja ya haya: hawezi kumaliza musemo moja bila kukata pumzi, midomo ao kucha zinageuka buluu, anasinzia ovyo ao anasema maneno yasiyoeleweka, ana homa kali, ao dawa yake haimusaidii tena. Kwenye piki-piki akae wima kati ya dereva na ndugu mwenye kumushika. Kama ni kipoyi, muinue mugongo kwa mito na mablanketi. Kumulaza chali ni kumuongezea shida. Chukueni dawa zake zote, munganga azione. Na oksijeni ni dawa yenye kipimo; kama ikitolewa nyingi kupita kiasi, mugonjwa wa namna hii anaweza kusinzia vibaya. Tumuachie munganga kazi ile.

8. NA SISI HAPA MASOMONI?

Tuna mambo matatu. Moja, tunyunyize maji mbele ya kufagia darasa na chumba cha kulala. Vumbi tunalolirusha asubuhi linaingia katika kifua cha mwalimu mwenye kusimama mbele yetu saa sita nzima. Mbili, wamama wenye kutupikia maharagi wanasimama katika moshi kwa ajili ya matumbo yetu. Katika salongo tunaomba kila darasa lilete kuni mbele ya wakati, zikauke chini ya manjanja, na tunaomba wakubwa waone kama inawezekana kupanua matundu ya juu ya jiko. Tatu, wale ndugu wenye kujificha nyuma ya choo na sigara: kazi yetu ya kapita ni kuandika majina, lakini afazali tusiandike. Mapafu mutakayoyahitaji mukiwa na miaka 50 munayachoma leo.

Wazazi wetu wanauza viazi na mashu ili kulipa minervali. Wengi wao walipika chakula chetu katika moshi ule ule tangu tulipozaliwa. Tukifika nyumbani, tusianze na maneno marefu ya vitabu. Tuanze kwa kupasua kuni na kuzianika. Kisha tupande juu ya ngazi, tutoboe tundu la moshi. Mama akiuliza tunafanya nini, hapo tutamueleza.

 

Kwa ajili ya wanafunzi,
Kapita mukubwa, mwaka wa 6